Alice Hamilton, daktari aliyeifuata risasi hadi majumbani

KATIKA mwambao wa Tanga madini ya risasi ni kitu cha kawaida: ndiyo chubwi la mvuvi, ndiyo pia yaliyomo ndani ya betri ya gari. Kwamba ni sumu inayopeperuka na vumbi lilikuwa jambo gumu kukubalika, na aliyelithibitisha viwandani ni mwanamke, Dk. Alice Hamilton wa Marekani.

Alizaliwa New York Februari 27, 1869 na kuhitimu udaktari Michigan mwaka 1893. Mwaka 1897 alihamia Hull House, nyumba ya huduma katika mtaa wa wahamiaji maskini jijini Chicago, akafungua kliniki ya watoto wachanga.

Mwaka 1910 Jimbo la Illinois lilimkabidhi kazi ya kuchunguza magonjwa ya viwandani. Wenye viwanda walishikilia kwamba mfanyakazi hujidhuru mwenyewe kwa kutonawa mikono. Hamilton hakuridhika. Alipekua madaftari ya hospitali, akawafuata wagonjwa hadi makwao, akawahoji wake zao, kisha akarudi viwandani na kubaini kuwa sumu huvutwa pamoja na vumbi na moshi. Mwaka 1914 ilitoka ripoti yake juu ya viwanda vya kuyeyusha risasi. Alitaka vumbi lizuiwe palepale linapoanzia, na wafanyakazi wapewe mahali pa kuoga na nguo za kazi.

Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, ingawa (ajabu ya zama zile) hakuruhusiwa kuandamana na wenzake katika mahafali. Mwaka 1925 alipinga petroli yenye risasi, akashindwa. Tanzania na nchi nyingine kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006.

Hamilton alifariki Septemba 22, 1970 akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye Marekani ilipitisha sheria ya usalama kazini, lakini hiyo ilimlinda aliye ndani ya geti. Mtoto anayetambaa nje ya ukuta, akatia mkono wenye vumbi mdomoni, hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na madhara katika ubongo hayafutiki.

Hayo yaliwapata watoto wa Owino Uhuru, Mombasa, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisimama ukuta kwa ukuta na nyumba zao hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi walishtaki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia na udongo usafishwe. Rufaa ikawanyima, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarudishia ushindi Desemba 2024.