Roberto Clemente na jezi namba 21

Wengi wetu hatujui besiboli, maana kwetu mpira ni wa miguu. Itoshe kusema kwamba mchezaji hurushiwa mpira kwa kasi kubwa, na akiupiga kwa gongo na kufika salama kituo cha kwanza, huhesabiwa pigo. Roberto Clemente alihesabiwa mapigo 3,000 kamili. La mwisho alilipata tarehe 30 Septemba 1972. Mwaka ule haukuisha kabla hajafariki.

Alizaliwa mwaka 1934 huko Carolina, Puerto Rico, kitindamimba wa msimamizi wa wakata miwa. Kuanzia 1955 aliichezea Pittsburgh Pirates ya Marekani misimu 18. Alikuwa mweusi, tena msemaji wa Kihispania. Timu ilipofanya mazoezi Florida, hakuruhusiwa kulala hoteli moja na wenzake weupe. Waandishi wa habari walikikejeli Kiingereza chake magazetini, wakamwita Bob ingawa jina lake ni Roberto. Alipolalamikia mgongo ulioumizwa na ajali ya gari, walisema anajisingizia. Msingiziaji huyo aliichezea Pirates michezo 2,433!

Mwaka 1960 Pirates walitwaa ubingwa. Katika kura ya mchezaji bora wa ligi, Clemente alikuwa wa nane. Mshindi alikuwa Dick Groat, mwenzake wa timu hiyo hiyo. Hakunyamaza. Alisema wazi kwamba amedharauliwa, na hapo ndipo sisi tuliolelewa kuamini kwamba mnyenyekevu hajidai tunapopata shida naye. Je, kilikuwa kiburi? Tumebishana juu ya hilo mezani, na hatukukubaliana wote. Tunaoandika hapa tunaona alidai haki, kwa sababu aliwasemea vilevile wachezaji wengine weusi na Walatini. Tuzo ile aliipata 1966. Baada ya fainali za 1971, alipochaguliwa kuwa mchezaji bora, alianza kuzungumza kwenye televisheni kwa Kihispania, akiwaomba wazazi wake baraka.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua, ambako wiki chache kabla alikuwa na timu ya wachezaji wa ridhaa wa Puerto Rico. Akaongoza kukusanya chakula na dawa. Aliposikia kwamba misaada inaishia mikononi mwa askari wa Somoza, aliamua kuisindikiza mwenyewe. Usiku wa 31 Desemba ndege kuukuu, iliyopakiwa kupita kiasi, ilianguka baharini mara baada ya kuruka kutoka San Juan. Wote watano walikufa. Mwili wake haukupatikana.

Mwaka 1973 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa bila kungojewa miaka mitano ya kawaida, na tuzo ya wachezaji wanaosaidia jamii ikapewa jina lake. Lakini namba 42 ya Jackie Robinson imestaafishwa na timu zote tangu 1997, ilhali 21 imestaafishwa kwa heshima ya Clemente na Pirates tu. Wapo wanaosema heshima ya Robinson, aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka 1947, ibaki ya pekee. Ni hoja nzito. Hata hivyo tunasema 21 nayo ipumzike. Ile tuzo inamkumbuka Clemente wa kwenye ndege. Namba ingemkumbuka pia yule wa uwanjani, aliyeitwa Bob akakataa. Wapo wachezaji wa Puerto Rico ambao hawakungoja uamuzi wa ligi: wakipewa 21, huomba namba nyingine.