Richard Wright, muandishi aliyeonyesha hatari ya kumshuku mtu kwa rangi yake

Muandishi Mmarekani Richard Wright alifariki Paris tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1960, akiwa na miaka 52. Alizaliwa mwaka wa 1908 katika jimbo la Mississippi, mjukuu wa watumwa. Alipokuwa kijana mjini Memphis, watu weusi walikatazwa kuazima vitabu kwenye maktaba. Alitumia kadi ya mzungu aliyefanya naye kazi, akijifanya ametumwa.

Mwaka wa 1940 alitoa riwaya Native Son. Bigger Thomas, kijana mweusi wa Chicago, ni dereva wa wazungu matajiri. Usiku mmoja anamfikisha chumbani binti yao aliyelewa, mara mama kipofu anaingia. Kwa woga wa kukutwa humo, anamziba binti mdomo kwa mto wa kitanda, naye anakufa. Kwanza anakamatwa rafiki wa binti, mkomunisti. Ukweli unapojulikana, polisi inasaka mtaa mzima wa weusi, nyumba kwa nyumba.

Nakala zaidi ya 200,000 ziliuzwa katika wiki tatu.

Wright alihamia Ufaransa mwaka wa 1946. Hata huko, wapelelezi wa Marekani, FBI, waliendelea kumfuatilia.