Julius Sang na viatu vilivyo juu ya kabati

Wiki iliyopita binti yangu aliyeolewa Likoni alimnyang'anya mwanawe viatu vya kukimbilia, akavitia juu ya kabati. Kijana ana miaka 16, anakimbia mita 400, na mamake ashaamua kuwa mbio zitamharibia masomo. Siku ile sikumjibu. Nilirudi kwangu Changamwe nikimuwaza mtu aliyetutoka Aprili 2004, ambaye vijana wa leo hata jina lake hawalijui: Julius Sang.

Sang hakuwa wa pwani, alikuwa mtu wa Bonde la Ufa. Mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa mmoja wa wanne walioipatia Kenya dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti, pamoja na Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. (Ouko huyu si yule waziri. Wamelingana majina tu.)

Kisha Sang na Ouko wakaenda Marekani kusoma, katika chuo kikuu cha North Carolina Central, mji wa Durham. Hakikuwa chuo cha watoto wa matajiri. Kilianzishwa 1910 kwa ajili ya watu weusi, enzi ambazo vyuo vya wazungu vya kusini viliwafungia milango. Kocha wao, LeRoy Walker, alikuwa msomi mwenye shahada ya udaktari, na baadaye akaja kuwa mkuu wa chuo hicho hicho, kisha rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Mpango wa vyuo vile ni kwamba chuo kinakulipia karo nawe unakikimbilia, lakini ukianguka darasani, uwanjani huingii. Binti yangu hilo halijui.

Basi 1972, Olimpiki ya Munich, chuo hicho kimoja kilitoa washindi watatu: Sang, Ouko, na Mmarekani Larry Black. Sang alipata shaba ya mita 400 kwa sekunde 44.92, nyuma ya Wamarekani wawili, Vincent Matthews na Wayne Collett. Wawili hao walisimama jukwaani kwa namna iliyowaudhi wakubwa wa Olimpiki, wakafungiwa. Mwenzao mwengine alikuwa ameumia, na Marekani ikakosa timu ya vijiti.

Wako waliosema, na wako wanaosema hata leo, kwamba dhahabu ya Kenya ilikuwa ya bure. Mimi sikubali. Sang alipopokea kijiti cha mwisho Wajerumani walikuwa mbele, nyumbani kwao, uwanja mzima ukiwapigia kelele. Karl Honz alitoka kwa kasi mno, kama mtu anayekimbilia feri ishang'oa. Sang akavumilia, akala pengo polepole, na walipoingia mita za mwisho Honz akawa amekwisha. Zamu yake Sang aliimaliza chini ya sekunde 44. Kenya dakika 2:59.83, Uingereza ya pili, Ufaransa ya tatu, na Wajerumani hawakupata kitu. Miaka miwili baadaye, Christchurch, Sang alikuwemo tena katika timu iliyochukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola.

Sisi watoto wa Changamwe tulizipata habari za Munich kwenye redio ya jirani. Kesho yake tulichora duara kwa majivu, tukapokezana kijiti cha mwiko, na kila mmoja alitaka zamu ya mwisho. Mimi mwiko ule sikuuacha. Mwaka 1978 mwalimu mmoja wa michezo aliniletea fomu za chuo cha Marekani. Marehemu baba aliziangalia, akazikunja, akaziweka ndani ya sanduku lake. Alikuwa ashanitafutia kazi bandarini, na kwake kazi ya mkononi ilikuwa bora kuliko safari ya mbio. Simlaumu, kazi ile ndiyo iliyowasomesha wanangu. Fomu nilizikuta siku tulipokuwa tukigawa nguo zake, bado zimekunjwa vile vile.

Mwanangu, najua safu hii unaisoma. Mashindano ya shule ni Jumamosi, na kijana hana viatu vyengine.