Campbell Black, Rubani wa Kwanza wa Bibi Wilson

Atokaye Nairobi kwenda Arusha kwa njia ya Kitengela, Isinya na Kajiado hufika Namanga baada ya kilomita 160 hivi, na hapo hupokewa na mlima mkubwa wenye msitu. Wamaasai wauita Ol Doinyo Orok, yaani Mlima Mweusi. Msafiri wa leo hautazami sana, kwani macho yake yako kwenye foleni ya malori ya mpakani. Lakini zamani, ndege ndogo zilipokuwa hazina redio na ramani zilikuwa za kubahatisha, mlima kama huu ndio uliokuwa alama ya rubani, kama vile manahodha wetu wa Lamu na Mombasa walivyoujua mwambao kwa minara ya misikiti, vilima na vichaka vya mikoko. Rubani aliyeondoka Nairobi akielekea Moshi alivuka uwanda wa Athi, akaiacha Kajiado nyuma, akautafuta Mlima Mweusi upande wake wa kulia na Kilimanjaro mbele yake. Akipotea, ama alikuwa na petroli ya kurudi, ama hakuwa nayo.

Mmoja katika marubani wa mwanzo wa kuzijua nchi hizi kutoka juu alikuwa naye jina lake Mweusi, ingawa mwenyewe ni Mwingereza mweupe wa mji wa Brighton. Huyu ni marehemu Thomas Campbell Black. Vijana wetu wanaomaliza masomo ya urubani, kisha wakazunguka ofisi za mashirika na leseni mkononi wakiambiwa kuwa saa zao za kuruka hazijatosha, kisa cha bwana huyu kinawahusu.

Alizaliwa Disemba 1899. Vita Kuu ya kwanza ilipopamba moto alikuwa kijana mbichi, akaingia katika jeshi la anga la wanamaji wa Uingereza, na huko ndiko alikojifunza kuruka. Vita vikaisha mwaka 1918, na ghafla Ulaya ikajaa marubani wasio na kazi. Serikali ilikuwa imewafundisha kwa maelfu, ikawaacha kwa maelfu. Mashirika ya ndege za abiria yalikuwa machache, na nayo yalikuwa machanga. Wengine waliuza magari, wengine waliruka katika maonyesho ya vijijini wakichukua watu dakika chache kwa shilingi chache. Black alikuja Kenya kulima, katika nchi ambayo walowezi walikuwa wamekwisha jigawia mashamba ya wenyeji.

Lakini aliyekwisha onja anga hatulii na jembe. Katikati ya miaka ya 1920 lowezi mmoja, John Carberry, alileta kwa meli eropleni ya aina ya De Havilland 51, ikashushwa Mombasa na kupelekwa bara. Iliitwa Miss Kenya, na ndiyo ya kwanza kuandikwa katika daftari la ndege la Kenya. Mwaka 1928 Black na wenzake wawili waliinunua. Ajabu ni kwamba ingali hai. Imehifadhiwa Old Warden, Uingereza, katika mkusanyiko wa Shuttleworth.

Basi hapo akatokea mama mmoja, Florence Kerr Wilson, mjane. Mumewe alifariki mwaka 1928 akamwachia mali, na badala ya kuizika mali hiyo katika ardhi akaitia hewani. Tarehe 31 Julai 1929 kampuni ya Wilson Airways iliandikishwa Nairobi, ikiwa na ndege moja ndogo ya Gipsy Moth, na Campbell Black akawa rubani wake na mwendeshaji wake mkuu. Watu wengi husema bibi huyu alikuwa na bahati. Mimi naona alikuwa na jicho. Ndege zilikuwa zikiuzwa kwa yeyote mwenye fedha, lakini mtu anayeweza kuiteremsha ndege penye majani na vichuguu, kisha akaiondoa tena salama na abiria wake, hauzwi dukani.

Kampuni ikakua upesi. Ndege zikaongezwa moja baada ya moja, zikachukua wawindaji, wagonjwa, madaktari, maafisa wa serikali na mifuko ya barua. Baadaye zilifika kwetu pwani pia, zikiunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, safari ambayo kwa jahazi ilitegemea pepo za Mungu. Mwaka 1932 kampuni kubwa ya Imperial Airways nayo ilifungua njia yake ya kwenda Cape Town, ikipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, yaani juu ya nyanda zile zile za Kajiado.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya wazungu hulipita kwa haraka. Viwanja hivyo vya ndege havikujifyeka. Waliokata majani, waliofukuza punda milia kabla ndege haijatua, waliobeba madebe ya petroli vichwani, walikuwa Waafrika, na hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kufikiri kuwa siku moja ataketi kiti cha mbele. Ukilala na tofauti hiyo moyoni, sifa za marubani wale husikika kwa sauti nyingine.

Hata hivyo ustadi ni ustadi, na haki ya mtu apewe. Mwaka 1931 Mjerumani Ernst Udet, aliyeangusha ndege 62 za maadui katika Vita Kuu, alikuwa akirejea kwao kutoka Afrika ya Mashariki alikokuwa akipiga filamu. Ndege yake ikamlazimisha kutua Sudan, katika nchi ya vinamasi vya Nile, yeye na fundi wake. Aliyewatafuta na kuwaona katika dhiki ile, akawaokoa, ni Campbell Black. Miaka kumi na mitatu nyuma wangekutana angani wangeuana.

Mwaka huo huo alikuwa akimfundisha kuruka Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro na kuishi kwa kufundisha farasi wa mashindano. Mwezi Mei bwana Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana, alimwalika Beryl waende Voi kwa ndege yake kutafuta tembo. Beryl mwenyewe amesimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, kwamba mwalimu wake alimwomba asiende, bila ya sababu ya kueleweka. Hakwenda. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Finch Hatton ilianguka ilipokuwa ikiondoka Voi, ikaungua, na mtumishi wake Kamau akafa pamoja naye. Beryl aliendelea na masomo hadi akapata leseni ya B, ile inayomruhusu rubani kuchukua abiria kwa malipo.

Mwaka 1932 Black aliiacha Wilson Airways akaenda kuwa rubani wa Lord Furness, tajiri wa Uingereza. Kampuni haikufa kwa kuondoka kwake, na hiyo ni sifa ya Bibi Wilson.

Oktoba 20, 1934, yeye na C. W. A. Scott waliondoka Mildenhall, Uingereza, kushindana kuelekea Melbourne, Australia. Ndege yao ilikuwa De Havilland Comet nyekundu. Waliruka bila kutua hadi Baghdad, kisha Allahabad, Singapore na Darwin. Juu ya bahari ya Timor injini moja ikaanza kuwasumbua, na bado walifika wa kwanza kwa saa 71, wakatwaa pauni 10,000. Lakini wenye mashirika ya ndege walimtazama zaidi aliyeshika nafasi ya pili: ndege ya kawaida ya Douglas DC-2 ya shirika la KLM la Uholanzi, yenye abiria ndani. Tangu siku ile ilijulikana kuwa mkate wa marubani utatoka katika ndege za abiria, si katika mashindano.

Black hakuacha mashindano. Mwaka 1935 alimwoa Florence Desmond, mchezaji maarufu wa jukwaani, na Septemba mwaka huo, akijaribu kuvunja rekodi ya London hadi Cape Town, ndege yake iliharibika juu ya Sudan. Yeye na mwenzake walijitupa kwa miavuli wakapona. Siku yake ilikuwa haijafika.

Septemba 1936 alijiandaa kwa mashindano mengine, ya kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Mwanafunzi wake Beryl alikuwa amekwisha vuka Atlantiki peke yake tarehe 4 na 5 ya mwezi huo, kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Majuma mawili baadaye, tarehe 19, Black alikuwa katika kiwanja cha Speke, Liverpool, ndani ya ndege yake mpya aina ya Mew Gull. Hakuwa angani. Alikuwa akitambaa chini taratibu kwenda kuruka, ndipo ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga, na rafadha yake ikapasua mahali alipoketi. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Siku kumi baada ya hapo mashindano yalianza bila yeye. Aliyeshinda ni Scott, mwenzake wa safari ya Melbourne, naye na Giles Guthrie ndio pekee waliofika Johannesburg. Wilson Airways ilidumu mpaka Vita vya pili vilipozuka, ndege zake zikachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Kiwanja cha Nairobi West kilipewa jina la Wilson mwaka 1962. Jina la Black halikuwekwa hapo. Ndege aliyofia ilitengenezwa, ikapata rubani mwingine, na mwaka 1937 ikashinda kombe la King's Cup.