Ramazzini: Tabibu aliyetaka mgonjwa aulizwe kazi yake

MKULIMA wa mpunga katika eneo la chini la Mto Tana hupitisha sehemu kubwa ya msimu akiwa ameinama, miguu imezama matopeni. Mchukuzi wa mizigo mjini Garsen hutia gunia mgongoni tangu alfajiri. Fundi wa cherehani hukunja shingo juu ya kitambaa hadi jua linapokuchwa, naye msusi wa mikeka hukaa chini saa nenda saa rudi, vidole vikirudia mwendo ule ule.

Watu hawa wanapofika zahanati wakilalamikia mgongo, magoti au macho, aghalabu huulizwa umri wao, wanakoishi na siku walizougua. Jambo moja husahaulika, nalo ni kazi wanayoifanya na jinsi wanavyoifanya.

Swali hilo lina mwenyewe. Lilitiwa katika elimu ya udaktari zaidi ya miaka 300 iliyopita na tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, ambaye leo hutajwa kote ulimwenguni kuwa baba wa tiba ya magonjwa ya kazini. Maisha yake yana mengi ya kuwafunza wakazi wa Tana River, ingawa hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika.

Homa katika nchi ya maji

Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, uliokuwa chini ya watawala wa Modena. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja kama ilivyo sasa, bali ilikuwa imegawanyika katika madola mengi madogo. Alisomeshwa na mapadri wa Shirika la Yesu, kisha akaenda Parma kusomea falsafa na udaktari. Alihitimu mwaka 1659, akaelekea Rome kujifunza kazi kwa vitendo.

Baadaye aliajiriwa kuwa tabibu wa miji midogo ya Canino na Marta, kaskazini mwa Rome. Huko kijana huyo alishikwa na malaria, ikamdhoofisha hata akalazimika kuacha kazi na kurudi kwao Carpi. Hakujua kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, kwa kuwa uthibitisho wa mbu kubeba vijidudu vya malaria ulipatikana mwaka 1897, karne mbili na zaidi baada ya yeye kuugua. Kama matabibu wengine wa zama zake, aliamini kuwa hewa chafu ya majini ndiyo iletayo homa.

Hata hivyo, alikuwa ameonja mwilini mwake jambo ambalo wakazi wa nchi za mito na vinamasi hulijua vyema. Mahali mtu anapotafutia riziki ndipo mara nyingi anapookotea maradhi.

Mwaka 1671 alihamia Modena. Chuo kikuu cha mji huo kilipofunguliwa upya mwaka 1682, alipewa nafasi ya kufundisha nadharia ya udaktari.

Mwaka 1690 mvua kubwa na mafuriko yaliharibu mazao katika viunga vya Modena, na homa zikaenea. Ramazzini aliandika taarifa ya mkasa huo kwa uangalifu. Aligundua kuwa wakulima wa mashambani waliugua kuliko watu wa mjini. Hakutosheka kutaja jina la ugonjwa, bali alichunguza hali ya hewa, maji, chakula, na namna watu walivyoishi na kufanya kazi.

Yeyote aliyeshuhudia mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 katika bonde la Tana, yaliyovuruga mradi wa mpunga wa unyunyizaji maji katika delta hiyo, atazielewa kurasa hizo bila mkalimani.

Mtu wa shimoni

Tukio lililobadili maisha ya Ramazzini lilitokea nyumbani kwake Modena, pale mfanyakazi alipofika kuzoa uchafu wa shimo la choo. Tabibu huyo alimwona akifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida, akamhurumia, akamshauri apunguze kasi asije akachoka.

Mfanyakazi alimweleza kwamba hakuna awezaye kukaa humo kwa zaidi ya saa nne bila macho kuathirika vibaya. Kila alipomaliza, alilazimika kurudi nyumbani, kujifungia gizani hadi siku ya pili, na kuosha macho kwa maji ya uvuguvugu ili apunguze maumivu.

Msomi mwingine angalisikitika, kisha arudi kwenye vitabu vyake. Ramazzini alitoka akawatafuta watu wengine waliofanya kazi ile. Akawapata mjini baadhi yao wakiwa wamepofuka nusu au kabisa, wakiombaomba njiani. Hapo alitambua kuwa ulikuwapo ulimwengu mzima wa maradhi ambao udaktari haukuwa umeuangalia.

Kwa miaka iliyofuata aliingia katika karakana, viwanda na machimbo. Alizungumza na wafinyanzi waliotetemeka mikono kwa sumu ya risasi, na watengenezaji wa vioo walioathiriwa na zebaki. Aliwachunguza pia waokaji mikate, wavuvi, wafumaji, wafua nguo, wachimba makaburi na makarani. Wengi wa watu hao hawakuwa na uwezo wa kumlipa tabibu.

Kitabu cha mwaka 1700

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa Modena mwaka 1700, katika kitabu alichokiandika kwa Kilatini kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Kilikuwa na sura zaidi ya 40, kila moja ikieleza kazi yake, madhara yake na njia za kujikinga.

Katika kitabu hicho Ramazzini aliligawa tatizo katika mafungu mawili. La kwanza lilikuwa madhara ya vitu vinavyoshikwa au kuvutwa kwa pumzi, kama vumbi, moshi na sumu. La pili, ambalo ndilo chimbuko la makala haya, lilikuwa madhara ya mikao na miendo isiyoafiki umbile la mwili.

Aliona kuwa wanaosimama kutwa huvimba mishipa ya miguu, na mafundi wa kushona huharibika migongo kwa kujikunja. Wachukuzi wa mizigo walipatwa na ngiri na kupinda mabega. Kuhusu makarani, alitaja mambo matatu yaliyowaumiza: kukaa muda mrefu, kurudia mwendo mmoja wa mkono, na kuishughulisha akili bila kupumzika. Mtu anayeshinda mbele ya kompyuta leo atajitambua katika sura hiyo.

Hakuwasahau wahudumu wa afya. Aliandika juu ya waliowapaka wagonjwa zebaki, dawa ya zama zile, wakadhurika wao wenyewe. Aliandika pia juu ya wakunga, ambao huinama muda mrefu mbele ya kiti cha kuzalia huku mikono wameinyoosha, wakarudi nyumbani hoi. Ni nadra katika maandishi ya kale kumkuta tabibu akijali maumivu ya anayehudumu sawa na ya anayehudumiwa.

Isitoshe, aliwaagiza madaktari wenzake waingiapo katika nyumba ya maskini wasikimbilie kushika mshipa na kuondoka. Wakae, hata kama kilichopo ni kigoda, wamsikilize mgonjwa kwa utulivu. Kwenye maswali waliyorithi kutoka kwa Hippocrates wa Ugiriki, waongeze moja: kumuuliza mgonjwa kazi yake.

Mwaka huo huo wa 1700 aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Padua, chini ya Jamhuri ya Venice. Uzee wake ulikuwa mzito. Macho yalififia hadi akahitaji watu wa kumsomea na kumwandikia. Hata hivyo, alitoa toleo la pili la kitabu chake mwaka 1713, akiongeza sura nyingine hata zikapita 50. Alifariki Padua tarehe 5 Novemba 1714, akiwa na umri wa miaka 81, angali mwalimu.

Kutoka Padua hadi Mto Tana

Neno ergonomia, yaani elimu ya kulinganisha kazi, vifaa na mazingira na mwili wa mfanyakazi, halikuwapo katika maisha yake. Lilibuniwa mwaka 1857 na mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi na kanuni. Mwaka 1959 wataalamu wa elimu hiyo waliunda chama chao cha kimataifa.

Katika mwaka huo huo wa 1959, Mto Tana ulishuhudia kinyume kabisa cha fikra hiyo. Tarehe 3 Machi, katika kambi ya Hola, wafungwa wa serikali ya kikoloni walioshurutishwa kufanya kazi walipigwa na askari, na 11 kati yao wakafa. Maelezo ya kwanza ya wakuu wa ukoloni yalisingizia maji waliyokunywa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa waliuawa kwa kipigo.

Hiyo ndiyo hatari ya kutouliza mtu alikuwa akifanyishwa nini alipoumia. Lawama hutupiwa maji, au hewa, au mwili wenyewe wa mgonjwa.

Kenya huru imepiga hatua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinganishe mahali pa kazi, vifaa na majukumu na uwezo wa mfanyakazi. Inakataza pia kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumjeruhi.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo humtafuta mwajiri, ilhali wengi katika delta ya Tana wamejiajiri wenyewe katika mashamba, uvuvi, ufugaji na biashara ndogondogo. Mchukuzi anayelipwa kwa gunia hana wa kumshtaki.

Chukua mfano wa uzito. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 mkataba kuhusu mizigo ibebwayo na mtu mmoja, pamoja na pendekezo kwamba mwanamume mzima asizidishiwe kilo 55. Gunia la mahindi lililozoeleka nchini kwa miaka mingi ni la kilo 90. Tofauti ni kilo 35, na anayeilipia ni uti wa mgongo wa mchukuzi. Mwaka 2019 kanuni za zao la viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa kila mfuko, ishara kwamba jambo hili lawezekana pakiwapo nia.

Mashine zisizomjua mtumiaji

Fikra ya Ramazzini inagusa pia vifaa vya hospitali. Kitanda cha kuzalia kisichopandishwa wala kushushwa humlazimisha mkunga kujikunja usiku kucha, kama wakunga wa Italia ya mwaka 1700. Mashine yenye maandishi yasiyoeleweka upesi humkosesha muuguzi aliyechoka, na kosa hilo humwangukia mgonjwa.

Wakenya walipata funzo ghali kuhusu jambo hili. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya kisasa kwa ajili ya hospitali za kaunti. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilibainisha mwaka 2020 kwamba baadhi ya mashine zilikaa bila kutumika, kwa kukosa umeme, maji, vyumba vya kuziweka au wataalamu wa kuziendesha. Mashine zilikodishwa kabla ya kumuuliza mhudumu anafanyia kazi wapi na katika hali gani.

Kwa mkazi wa Garsen, ambaye akishindwa kutibiwa karibu hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Malindi, mashine iliyolala haina tofauti na mashine isiyokuwapo.

Ramazzini hakuwa mkamilifu. Aliamini mengi ambayo sayansi imeyakanusha, na hakudai kazi za hatari zipigwe marufuku, kwa kuwa aliona jamii inazihitaji. Alichodai ni kwamba jamii inayofaidi kazi hizo ina deni kwa wanaozifanya, na deni hilo hulipwa kwa kuwalinda.

Huduma za afya zikiwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, malipo ya deni hilo yanaweza kuanza na mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Daftari la zahanati laweza kuongezewa safu ya kazi ya mgonjwa. Jembe laweza kutiwa mpini wa urefu unaomfaa mlimaji. Mikoba ya mazao yaweza kupunguzwa uzito, na wauguzi wakashirikishwa kabla ya kifaa kuagizwa.

Safu hiyo moja ya daftari, ikijazwa kwa mwaka mzima kuanzia Garsen hadi Hola, ingewaonyesha wakuu wa afya ni kazi zipi zinazovunja migongo ya watu wa mto huu, na wapi pa kuanzia kurekebisha.