Mtakatifu Eligius, Mfua Dhahabu Aliyehama na Nyundo Yake

Katika kitabu hiki kidogo cha Jubilei msomaji amekwisha kuona habari za Mapadri, za Watawa na za wakatekista waliolijenga Kanisa hapa petu. Tumeona yafaa kumpa nafasi mtu mmoja wa kale sana, ambaye hakukanyaga kamwe nchi ya Kongo, lakini maisha yake yanakutana na ya wazee wetu katika jambo moja: alitoka kwao na vyombo vyake vya kazi, akahamia mji wa mbali ambako ufundi wake ulihitajiwa. Ndiye Mtakatifu Eligius, ambaye wengi wetu twamwita Eloi kwa namna ya Wafaransa. Mji wetu huu wa shaba ulijengwa na wahamiaji. Tangu tanuru ya kwanza ilipoyeyusha shaba huko Lubumbashi mwaka 1911, watu walikuja kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kuandikwa na wakubwa bila kuulizwa sana. Kila mmoja alifika na alichokijua kwa mikono yake.

Eligius alizaliwa karibu na mwaka 588 katika kijiji cha Chaptelat, kaskazini ya mji wa Limoges, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Baba yake aliitwa Eucherius, na mama yake Terrigia. Walikuwa watu huru na Wakristu tangu vizazi, wa lile taifa la Wagallia waliokwisha kutawaliwa na Waroma. Lakini wakati ule ufalme ulikuwa mikononi mwa Wafranki, watu waliotoka kaskazini. Baba alipoona kwamba mtoto ana mikono yenye akili, alimpeleka Limoges akamkabidhi kwa Abbo, mfua dhahabu mwenye sifa, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya kutengenezea pesa za mfalme.

Tusimame kidogo katika nyumba ile, maana huko ndiko Eligius alikofunzwa zaidi ya ufundi. Pesa za siku zile zilikuwa za dhahabu. Dhahabu ya kodi ililetwa, ikayeyushwa, ikasafishwa motoni, kisha ikapigwa kuwa vipande vidogo vyenye uzito wa gramu moja na kitu tu. Juu ya kila kipande iliandikwa jina la mji na jina la fundi aliyekipiga. Hakuna aliyekuwa na mashini ya kupima ndani ya dhahabu. Watu waliliamini jina. Fundi akichanganya fedha nyingi katika dhahabu, basi jina lake mwenyewe lilimshtaki sokoni. Kijana aliyekulia katika kazi ya namna hiyo alijua mapema kwamba mizani ni kitu cha kuogopwa.

Alipokwisha kukomaa katika kazi, Eligius aliwaacha wazazi wake na nchi yake, akahamia upande wa kaskazini, kwenye nchi ya Wafranki wenyewe, mwendo wa kilometa kama 400 mpaka Paris. Atelie ya mfua dhahabu si nzito kama ya mhunzi wa majembe, lakini haina budi kuwa na fuawe, nyundo, tupa, koleo, mivuo, vyungu vya kuyeyushia na mizani. Tena mgeni hana jina. Aliyekuwa fundi wa Abbo huko Limoges, huku kaskazini alikuwa mtu wa kusini tu, wa taifa lililotawaliwa. Alipata kujulikana kwa Bobbo, mtunza hazina wa mfalme Clothar wa Pili, akajiweka chini ya ulinzi wake na kufanya kazi.

Ikawa mfalme anataka kiti cha enzi cha dhahabu na mawe ya thamani, wala katika jumba lake hapakuwa na fundi wa kukitengeneza jinsi alivyokiwaza. Bobbo akamtaja kijana wa Limoges. Dhahabu ikapimwa, ikatolewa, Eligius akaenda nayo kwenye atelie yake. Wafua dhahabu wa wakati ule walikuwa na udhuru wao wa kawaida: walipoleta kazi iliyopungua uzito, walisema kwamba tupa imekula kidogo na moto umemeza kingine. Sisi tunaokaa karibu na tanuru twajua kwamba shaba hupungua kweli motoni. Lakini dhahabu safi haipungui kwa moto; na unga wa tupa huweza kufagiliwa ukakusanywa, fundi akitaka. Eligius alitaka. Alipokwisha kazi alipeleka kiti mbele ya mfalme. Mfalme akakistaajabia, akaamuru fundi alipwe vizuri. Ndipo Eligius alipokifunua kiti cha pili, kilichotengenezwa kwa dhahabu ileile iliyobaki. Watu waliokuwapo walishangaa kuliko mara ya kwanza, na mfalme akatambua kwamba amepata mtu wa kuaminiwa katika mambo makubwa zaidi ya viti.

Hata hivyo habari ya viti viwili si ile tunayoipenda kuliko zote. Siku moja, katika makao ya mfalme huko Rueil, Clothar alimtaka Eligius aweke mikono juu ya masalia ya watakatifu na kula kiapo. Eligius akakataa. Aliogopa kumkasirisha mfalme, akaogopa zaidi kuyagusa masalia kwa kiapo kisichokuwa na lazima. Mfalme alipozidi kumsukuma, machozi yakamtoka. Mgeni asiye na ukoo katika nchi ile angeweza kupoteza yote siku hiyo: nyumba, kazi, labda na uhai. Mfalme akamwacha, akamtuliza, akasema kwamba tangu leo atamwamini kuliko kama angaliapa mara nyingi. Twaona hapo kwamba Eligius alikuwa amehama na dhamiri yake pamoja na nyundo. Wengine wetu, tukikumbuka siku zetu za kwanza katika mji wa kazi, hatuwezi kusema vile.

Lakini tusimfanye malaika mbele ya wakati. Alipopata kibali alijivika kama watu wa jumba la mfalme: hariri, mishipi yenye dhahabu na mawe ya thamani, mikoba iliyopambwa. Baadaye, katika utu uzima wake, aliungama kwa padri mambo yote ya maisha yake tangu ujana, akaanza kufunga na kukesha katika sala. Mapambo yakauzwa moja kwa moja kwa ajili ya maskini, hata akaonekana amevaa nguo za kimaskini na kamba kiunoni. Ilitokea mfalme kumwona hivyo na kumpa vazi lake mwenyewe na mshipi wake. Alipokuwa akifanya kazi aliweka kitabu kimefunguliwa mbele yake, mikono ikishika dhahabu na macho yakipitia maneno matakatifu. Karibu naye aliketi Thillo, kijana Msaksoni aliyekuwa mtumwa wake, naye akifuata nyundo ya bwana wake.

Hapa twafika kwenye jambo lililomgharimu Eligius mali yake yote. Siku zile watu waliuzwa sokoni kama ng'ombe. Merikebu zilileta Waroma, Wagallia, Wabritoni, hata watu wa Afrika ya kaskazini, lakini zaidi Wasaksoni, waliofukuzwa makwao makundi kwa makundi. Eligius akisikia kwamba watumwa watauzwa mahali fulani, alikwenda mbio na fedha, akawanunua ishirini, thelathini, hamsini kwa mara moja, na pengine merikebu nzima yenye watu mia, waume kwa wake. Fedha zilipokwisha alivua mshipi, akavua joho, akatoa hata chakula chake na viatu. Kisha aliwapeleka mbele ya mfalme kupewa uhuru kwa sheria, akawaonyesha njia tatu: anayetaka kurudi kwao asaidiwe safari, anayetaka kubaki naye abaki kama ndugu, si kama mtumwa, anayetaka utawa atafutiwe monasteri. Sisi tunaosoma habari hii kwa Kiswahili, lugha iliyofika bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, hatuwezi kuisoma kama hadithi ya mbali. Njia zilizoleta maneno haya vinywani mwa babu zetu zilipitiwa pia na watu waliofungwa shingoni, wala hawakupata wote mtu wa kuwakomboa.

Nyumba yake katika Paris ilijulikana kwa alama moja. Mgeni akiuliza njia ya kwenda kwa Eligius, aliambiwa aifuate barabara mpaka atakapoona umati wa maskini, hapo ndipo penyewe.

Mfalme Dagobert, mwana wa Clothar, alipotawala toka mwaka 629, alimpenda Eligius hata kuliko baba yake. Watoto wetu wa shule hujifunza wimbo wa Kifaransa unaowacheka mfalme huyo na mtakatifu wetu. Wajue kwamba uliimbwa zaidi ya miaka elfu moja nyuma ya kufa kwao, kwa kuwadhihaki wafalme wengine. Kwa Dagobert Eligius aliomba shamba la Solignac, karibu na Limoges, yaani katika nchi aliyoiacha ujanani, na mwaka 632 akalifanya monasteri. Hakuomba shamba hilo ajijengee nyumba ya uzee, kama sisi wote tunavyowaza kujenga kijijini. Aliweka humo wamonaki wanaosali na mafundi wa kazi mbalimbali. Thillo mwenyewe aliingia huko, naye leo huheshimiwa kama mtakatifu. Abati wa kwanza alikuwa Remaclus, aliyehubiri baadaye katika milima ya Ubelgiji na kuanzisha monasteri za Stavelot na Malmedy.

Nyumba yake ya Paris, aliyopewa na mfalme, aliigeuza konventi ya Watawa wa kike, mama mkuu akiwa Mtakatifu Aurea. Wakati wa kujenga aliomba nyongeza ya kiwanja kidogo, akamwambia mfalme kipimo chake. Jengo lilipokwisha akapima tena, akakuta wamepita kipimo kwa mguu mmoja tu. Alisimamisha kazi, akaenda kwa mfalme kujishtaki kama mtu aliyesema uongo. Wote tuliowahi kugombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa parseli tutajua thamani ya mguu huo mmoja. Dagobert akamwongezea ardhi maradufu.

Mwaka 636 alitumwa kwa Judicael, mkuu wa Wabritoni, akaleta amani pasipo vita. Dagobert akafa mwaka 639. Askofu Acharius wa Noyon na Tournai alipofariki, watu wakamtaka Eligius, ambaye alikuwa bado mlei. Hakukubali kuwekwa askofu kwa haraka. Alitaka kwanza apitie madaraja ya ukleri. Tarehe 13 Mei 641, huko Rouen, aliwekwa wakfu siku moja na rafiki yake Audoenus, aliyekuwa naye katika jumba la mfalme; Audoenus ndiye aliyeandika maisha yake. Basi Eligius akahama tena, mara hii akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, na kazi mpya hakuijua kama alivyoijua dhahabu.

Jimbo lake lilikuwa kubwa, na nusu yake ya wapagani. Alitembea Flandria, akahubiri Gent na Kortrijk, na kwa watu wa Antwerpen. Mwanzoni walimpokea kwa matusi na vitisho. Hata Noyon penyewe, katika sikukuu ya Mtakatifu Petro, alipokemea michezo ya kipagani, wenye nguvu wa mji walinuia kumwua. Naye akarudi kuhubiri palepale. Wasomaji wetu watambue hapa kamba ndefu ya imani: mwaka 1910 Mabenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea ya Brugge, huko Flandria, walitumwa Katanga, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, mzaliwa wa Gent. Wamisionari hao walikuwa na makosa yao, na historia imekwisha kuyasema. Lakini Ubatizo waliotuletea, babu zao waliupokea toka kwa mgeni aliyetembea akitokea kusini.

Eligius alifariki huko Noyon tarehe 1 Desemba 660, amepita miaka sabini. Malkia Bathildis, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtumwa wa Kisaksoni mbele ya kuolewa na mfalme, alifika na watu wengi akitaka kuuchukua mwili wake mpaka monasteri ya Chelles. Audoenus asimulia kwamba jeneza halikusogea, hata wakaelewa kwamba mahali pake ni Noyon. Malkia akafuata maziko kwa miguu katika matope ya mvua, akakataa kupanda gari.

Wafua vyuma, mafundi wa magari na wote wanaoshika nyundo wamemfanya msimamizi wao, na katika Ubelgiji na Ufaransa ya kaskazini huiadhimisha sikukuu yake tarehe 1 Desemba, siku tatu mbele ya ile ya Mtakatifu Barbara wa wachimba madini. Picha nyingi zamwonyesha akishika mguu wa farasi aliokata ili aupige njumu na kuurudisha. Hadithi hiyo ilizuka karne nyingi nyuma yake, nasi hatuitegemei. Kazi za mikono yake zimepotea karibu zote. Nyingi ziliyeyushwa, na kikombe cha Misa cha Chelles kilitoweka wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kimebaki huko Paris kipande cha msalaba mkubwa wa Saint-Denis, chenye vyumba vidogo vya dhahabu vilivyojazwa mawe na vioo vya rangi. Zimebaki pia pesa chache za dhahabu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zilizopigwa Paris na Marseille, na jina la Eligius lingali linasomeka juu yake.