Raj Kapoor: Mzururaji wa sinema aliyepanda, akaanguka, akainuka
Raj Kapoor, mwana wa mwigizaji Prithviraj Kapoor, alizaliwa Peshawar mnamo 1924, na kufikia 1935 alikuwa ameonekana kwenye filamu. Alivutiwa mno na Charlie Chaplin. Katika Awaara ya 1951 aliigiza mzururaji fukara mfano wa Chaplin, akapendwa India, Muungano wa Kisovieti na hata katika kumbi za sinema za Afrika Mashariki.

Mnamo 1970, Mera Naam Joker, filamu aliyoitolea jasho miaka mingi, iliambulia patupu na kumtwika madeni. Hakukata tamaa, Bobby ya 1973 ilimwinua tena.

Mei 1988 alizidiwa na pumu katika hafla ya kutuzwa jijini Delhi. Rais Venkataraman akashuka jukwaani kumkabidhi tuzo. Kapoor alifariki Juni 2, akiwa na umri wa miaka 63.